Haki ya Mtunzi Idumu Miaka Mingapi?

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani, ambako nakala moja ya kitabu huzunguka darasa zima, huulizana mara kwa mara: kazi ya mtunzi aliyekwisha kufariki ni mali ya nani, na kwa muda gani? Waingereza waligombana juu ya swali hili kwa miaka 64.

Mwaka 1667 John Milton aliuza utenzi wake mkuu, Paradise Lost, kwa pauni 5, akaahidiwa nyingine 5 kila chapa ikimalizika. Alipokufa mwaka 1674 alikuwa amepokea pauni 10 tu. Mjane wake akauza haki iliyosalia kwa pauni 8. Faida ya miaka iliyofuata ilikuwa ya wauza vitabu wa London.

Sheria ya Malkia Anne ya mwaka 1710 ikampa mtunzi haki kwa miaka 14, na mingine 14 iwapo yu hai bado. Vitabu vilivyokwisha kuchapwa vilipewa miaka 21. Jina lenyewe la sheria lilitaja kuhimiza elimu (neno hilo walimu tusilipite upesi).

Muda ulipokwisha, wauza vitabu walidai kuwa haki waliyoinunua ni ya milele, kama shamba. Mwaka 1769 mahakama iliwaunga mkono. Ndipo Alexander Donaldson wa Edinburgh, muuza vitabu vya bei nafuu, alipochapa mashairi ya James Thomson. Thomas Becket na wenzake, walionunua haki ya mashairi hayo kwa pauni 505, wakamshtaki. Tarehe 22 Februari 1774 Baraza la Malodi likakata shauri: haki ina kikomo. Thomson alikuwa kaburini tangu mwaka 1748. Katika pauni zile 505 hakupata hata senti.

Baadaye muda ulirefushwa. Mkataba wa Berne ulifikia miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na mwaka 1993 nchi za Jumuiya ya Ulaya zikakubaliana miaka 70. Twaona hamsini yatosha kuwalea mjane na yatima. Ishirini ya ziada, tukikumbuka kesi ya Thomson, twashuku ni ya wafanyabiashara. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa kipimo cha miaka 50, vitabu alivyovitoa akiwa hai vilikuwa huru mwisho wa mwaka 2012. Kwa kipimo cha 70, wanafunzi wetu wangengoja hadi mwisho wa mwaka 2032.