Kulizeesha jaketi la ngozi bila kumghushi mnunuzi

Mpwa wangu anafanya kazi Nunguni, juu ya milima ya Kilungu kule Makueni, na kando ya kazi anauza nguo. Sisi wa Mombasa tukisikia Ukambani akili hukimbilia jua na vumbi, lakini Nunguni ni mlimani. Ikifika Julai ukungu hushuka, na mtu wa pwani hulala na soksi. Huko jaketi la ngozi si urembo, ni nguo ya kazi, hasa kwa vijana wa bodaboda.

Mwezi jana alinipigia simu. "Assalamu alaikum, mjomba. Nina majaketi matatu mapya ya ngozi, yanang'aa, na hakuna anayeyataka. Wanataka ya mtumba yaliyochakaa. Niyachakaze vipi?" Kisha akashusha sauti: "Na je, ni haramu?"

Kwanza tumwelewe mnunuzi. Vijana wale si wajinga. Majaketi mengi mapya ya bei nafuu ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Msimu mmoja tu, yanatoka magamba. La mtumba limeshavaliwa na mtu miaka na bado liko zima, kwa hivyo uchakavu ndio cheti chake. Swali la mpwa wangu la pili, basi, lilikuwa zito kuliko la kwanza.

Kabla ya kusugua chochote, jua ulichonacho. Tafuta mahali ngozi ilipokatwa, chini ya kola au ndani ya mfuko. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi kama za uyoga uliochanwa. Ya bandia utaona kitambaa. Ya bandia iache ilivyo, kwa sababu plastiki haizeeki, hubambuka tu.

Na sisi Waislamu tuna la ziada: ni ngozi ya mnyama gani? Wengi hatuulizi. Tazama vitundu vya nywele. Vya ng'ombe ni vidogo na vimetawanyika sawasawa. Vya mbuzi hufuata mistari. Vya nguruwe hukaa vitatuvitatu, kama mafiga, na hupenya ngozi yote, kwa hivyo hata kiwanda kikipaka rangi nzito juu, huonekana upande wa ndani. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu hapa pwani, kudibagha husafisha ngozi ya mzoga isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Chunguza na bitana za viatu vyako, utashangaa.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la wengi ni kusugua kote sawa. Jaketi halichakai hivyo. Huchakaa pale mwili na mkono unapopita: kingo za mikono, midomo ya mifuko, ukingo wa kola, pande mbili za zipu, mishono ya mabega, na mikunjo ya viwiko. Mgongo kwa kawaida hubaki mzima. Ila dereva wa bodaboda mara nyingi huligeuza jaketi, akalivaa kinyumenyume ili kifua kisipigwe na upepo, na la kwake hupauka mgongoni. Ukiona jaketi limechakaa kila pahali kwa kiasi kimoja, jua kuna mtu alikaa nalo chini na msasa.

Msasa uwe laini, namba 400. (Maseremala wetu wa zamani walitumia majani ya mti wenyewe wa msasa, ndiko jina lilikotoka.) Sugua kidogo, pangusa, tazama, rudia. Ukitaka rangi ififie zaidi, tumia pamba yenye spiriti, lakini jaribu kwanza nyuma ya kola pasipoonekana. Kisha nyunyiza maji ya uvuguvugu, likunje na kulikamua kwa mikono, livae mpaka mikunjo ya viwiko ishike, halafu litundike kivulini. Kwa ubaridi wa Nunguni litachukua siku kadhaa; usilisogeze karibu na jiko. Ngozi iliyolowa ikipata moto mkali hujikunja ikawa ngumu kama kwato, na hairudi tena. Petroli na jiki zisikaribie kabisa.

Maji na spiriti huondoa mafuta ya ngozi, na wengi huishia hapo, ndiyo sababu majaketi yao hupasuka baada ya miezi. Ukambani nta ya nyuki haikosekani. Iyeyushe kwenye bakuli juu ya maji ya moto pamoja na mafuta ya mbarika, sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta, ipoe, upake nyembamba kwa kitambaa, siku mbili mfululizo.

Na haramu? Kulizeesha jaketi lako mwenyewe sioni tatizo. Kuuza ndiko kwenye mtihani. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Abu Huraira: Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na umaji. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone. Mpwa wangu alijitetea kwamba suruali za jinzi huuzwa zimechanwa kiwandani na hakuna anayelalamika. Kweli, lakini anayenunua jinzi ile anajua imechanwa kiwandani. Kijana wa Nunguni analipia miaka ambayo jaketi halijaishi. Nikamwambia aweke msasa mezani kando ya jaketi, na amwambie kila anayeuliza kuwa ni jipya, ni ngozi, amelisugua yeye.

Alinung'unika kuwa atapoteza wateja. Juzi akapiga tena. Moja limenunuliwa na dereva wa bodaboda, aliyemtaka aongeze kusugua mgongoni. La pili analivaa mwenyewe. La tatu alipolipindua ndani aliona vitundu vitatuvitatu; aliyemuuzia amekataa kulipokea, na liko kwenye mfuko nyuma ya mlango.