Kaseti iliyovuka ziwa mara tatu

Ilikuwa kaseti ya dakika 90, na kwenye karatasi yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu neno moja tu: REMMY. Baba aliinunua Kigoma mwaka 1993 alipovuka kwenda kuuza mawese. Akarudi nayo Baraka, kwetu Fizi, upande wa Zaire, kwa boti ya mbao, ameifunga kwa nailoni na kuitia mfukoni mwa shati, maana upepo ukivuma ziwani hakuna kinachobaki kikavu. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo za albamu ya Songs for the Poor Man, upande wa pili nyimbo za Mambo. Majina hayo hatukuyajua. Nyumbani tulisema "upande wa Karola" na "upande wa Dodoma", na kila mtu alielewa.

Ilikuwa nakala ya nakala. Nyuma ya magitaa palikuwa na mvumo kama mvua ya mbali juu ya bati, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mvumo ule ulikuwa sehemu ya muziki.

Baba hakusema kwamba Remmy Ongala ni mwanamuziki wa Tanzania. Alimwita "yule wa Kindu". Na kweli Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, kando ya mto Lualaba, mwaka 1947. Kindu na Fizi zilikuwa katika mkoa mmoja wa Kivu mpaka mwaka 1988, serikali ya Mobutu ilipoukata vipande vitatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa amezika watoto wawili kabla yake, kwamba mganga alimwonya asimnyoe nywele mtoto atakayefuata, na kwamba mtoto huyo alitoka tumboni na meno mawili ya mbele. Ndiyo asili ya nywele zake ndefu, na ya cheo cha Dokta alichoitwa maisha yake yote. Bibi yangu aliposimuliwa habari hiyo hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama mama yake Remmy bado yuko hai.

Remmy alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akapokewa na mjomba wake, Mzee Makassy, katika Orchestra Makassy. Njia hiyo ilikwisha kukanyagwa na Wakongo wengine. Bendi ya Maquis ilitoka Katanga ikaifanya Dar kuwa nyumbani, na mwanamuziki Ndala Kasheba vilevile. Makassy alipohamia Nairobi, Remmy alibaki, akaingia Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania, ambayo baadaye ikawa Super Matimila. Muziki wake aliuita ubongo, kwa kuwa aliutaka ufike kichwani kama unavyofika miguuni. Alipoimba "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu watumie kondomu wakati ukimwi unaua na wakubwa wananong'ona, Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Watu waliuimba hivyo hivyo.

Wakati huo Tanzania bendi zilirekodi katika studio ya redio ya taifa, na nyimbo zilisambaa kwa kaseti zilizonakiliwa vibandani, bila senti moja kumrudia mwimbaji. Kilichombadilishia Remmy njia ni rafiki aliyebeba kanda za bendi hadi Uingereza, zikawafikia watu wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 Super Matimila wakaalikwa huko. Mwaka 1989 Songs for the Poor Man ikatolewa na Real World, lebo huru ambayo Peter Gabriel alikuwa ndiyo kwanza ameianzisha, yenye studio kwenye kinu cha zamani katika kijiji cha Box, Wiltshire. Mambo ikafuata mwaka 1992.

Watu wa rika langu huko Ulaya na Marekani wana albamu za roki zilizotoka kwenye lebo ndogo za namna hiyo, walizokulia nazo chumbani, mlango umefungwa. Yetu ilitoka kwenye lebo kama hizo hizo. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na mlango wa kufunga. Redio ilikaa juu ya kigoda uani, majirani walileta viti vyao, na mama alipaa samaki kwa mwendo wa gitaa la besi.

Wimbo ambao baba aliurudisha nyuma mara nyingi zaidi ni "Sauti ya Mnyonge". Aliuzungusha kwa kalamu ya Bic ili asimalize betri. Ukitaka kuelewa kwa nini, kumbuka mwaka wenyewe. Mwanzoni mwa 1993 serikali ya Zaire ilitoa noti ya zaire milioni tano, na wafanyabiashara wengi wakaikataa. Oktoba ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mtu aliyeuza mawese asubuhi hakujua jioni ana nini mkononi. Na juu ya hayo tulikuwa watu wa Fizi, ardhi ambayo Mobutu hakuiamini, kwa kuwa kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila alijenga ngome yake Hewa Bora, katika milima yetu, tangu mwaka 1967. Jeshi lilitujua. Barabara, shule na dawa havikutujua. Halafu unasikia mtu wa Kindu, kwa Kiswahili, anaimba kuhusu mnyonge bila kuinamisha sauti wala kuomba radhi. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani aliona kwamba kuna mtu amesema kwa niaba yake.

Oktoba 1996 vita vilifika. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulivuka usiku, na kaseti ilirudi Kigoma katika nailoni ile ile, safari hii kifuani mwa mama, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Redio tuliiacha. Kutoka Kigoma tulipelekwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huo kwa ajili ya watu kama sisi, wengi wao kutoka Fizi na Uvira.

Zaidi ya mwaka mzima tulikuwa na kaseti bila kitu cha kuipigia. Yaya yangu (kwetu yaya ni dada mkubwa) alituimbia upande wote wa Karola kwa kumbukumbu, akiigiza na magitaa kwa mdomo, tukiwa foleni ya maji. Baadaye jirani wa kutoka Mboko alipata redio-kaseti. Tuliuza vikombe vitatu vya unga wa posho kwa betri mbili, na zilipochoka tukazianika juani ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi.

Ni redio hiyo iliyokula kaseti. Utepe ulinasa katikati ya "Karola", ukatoka kama utumbo wa kuku, umekunjamana. Baba aliunyoosha juu ya goti lake, kidogo kidogo, mpaka jua likazama. Kipande kilichoharibika, kama urefu wa kidole, alikikata kwa wembe. Akaunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi, akaifunga tena kaseti kwa skrubu zake tano, akampa yaya aibonyeze. Ikaimba. Ila pale palipokatwa, Remmy aliruka. Alikuwa katikati ya neno, akaangukia neno jingine. Kuanzia siku hiyo, huo ndio ukawa wimbo wenyewe. Watoto wote wa kitongoji chetu walijifunza "Karola" pamoja na mruko wake.

Nje ya kambi nilijifunza jambo jingine. Nilipopata kibali cha kwenda Kigoma mjini, watoto wa sokoni walinicheka kwa namna ninavyosema. Nilisema inchi badala ya nchi, batu badala ya watu, mu nyumba badala ya nyumbani. Kiswahili chetu cha Bembe na Maniema, kilichokuja na misafara kutoka Ujiji na kukaa kwetu zaidi ya karne moja, waliona ni Kiswahili kilichovunjika. Nikaanza kunyamaza sokoni. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kunyamaza katika umri huo huwa kuna uchungu wake.

Tulirudi Baraka kwa meli mwaka 2006, katika misafara ya kurejesha wakimbizi iliyokuwa imeanza mwaka mmoja kabla. Nyumba ilikuwa kuta mbili na mwembe. Kaseti ilikuwa haipigiki tena, utepe umebanduka rangi, lakini mama hakukubali itupwe, na mpaka leo iko sandukuni. Remmy mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kisukari, ameacha muziki wa dansi, anaimba nyimbo za injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kituo cha daladala karibu na nyumba yake kule Sinza bado kinaitwa Kwa Remmy. Nimeshuka pale mara moja, sina shughuli yoyote, ili nisikie kondakta akitaja jina hilo.

Ni huko Dar nilikoshika kwa mara ya kwanza nakala halisi ya Mambo, ile ya CD, katika nyumba ya mtu anayekusanya muziki wa zamani. Nikasoma majina ya nyimbo nyuma ya kasha. Mojawapo limeandikwa hivi: "Inchi Yetu". Inchi, na i yake mbele. Imetolewa Uingereza, imeuzwa dunia nzima, na hakuna aliyeisahihisha. Niliomba kukaa. Nilimfikiria yule mvulana niliyekuwa mimi sokoni Kigoma, aliyekuwa na neno hilo hilo upande wa pili wa kaseti yao, siku zote alipokuwa anaona aibu kulitamka.

Mwaka jana mpwa wangu aliipakua albamu nzima kwenye simu. Tulikuwa Baraka, ufukweni, boti za ndagala zinawasha taa. Hapakuwa na mvumo wa mvua. Kila gitaa lilikuwa peke yake, safi, na niligundua kuna ala moja ambayo sikuwahi kuisikia. "Karola" ilipoanza, yaya alifumba macho akaimba nayo, sauti ile ile ya foleni ya maji. Walikwenda sambamba mpaka pale baba alipokata kwa wembe. Yaya akaruka, kama anavyoruka siku zote, na Remmy akabaki nyuma, anaimba maneno ambayo hatukuwahi kuwa nayo.