Mali ya Mji wa Moshi

Wageni wengi wafikapo Moshi huona maduka, stesheni na maghala, wakadhani kwamba mali ya mji yatoka humo. Sivyo. Mali ya mji huu ilishuka kutoka mlimani, katika vihamba vya Wachagga, nasi twataka kueleza jinsi ilivyoshuka, na kwa nini ilipata kupungua.

Kihamba ni shamba la nyumbani. Ndani yake mna migomba na maharagwe. Ng'ombe hulishwa majani zizini, na samadi yao hurudishwa migombani. Maji yaliletwa kutoka mitoni kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa kale, kila mtu akapewa zamu yake. Hata kabla ya kuja Wazungu palikuwa na masoko yenye siku zake, na wenye masoko hayo walikuwa wanawake. Chuma kilitoka kwa Wapare, na misafara ya pwani ilipita ikinunua chakula na pembe. Basi biashara haikuletwa na reli; ilikuwako.

Kahawa ililetwa na mapadre wa Kilema katika miaka ya 1890. Reli ya Tanga ikafika mwaka 1911, na mji mpya ukakua huko tambarare, chini ya Moshi ya zamani. Baada ya vita ya 1914 hata 1918, wenyeji walizidi kupanda mibuni katikati ya migomba yao, wakitiwa moyo na Charles Dundas, mtawala wa wilaya. Masetla hawakupendezwa. Walisema kwamba kahawa ya Waafrika itaeneza magonjwa. Tena waliogopa kukosa vibarua, kwa maana mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kuchuma ya mwingine. Ndipo mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, mkuu wake Joseph Merinyo, wakatetea haki yao ya kupanda. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika, KNCU, kilichokusanya kahawa ya vyama vidogo vya vijijini na kuiuza pamoja. Mwenye gunia moja hana neno mbele ya mnunuzi, walakini magunia elfu yana neno.

Lakini wakulima waliamriwa kuuza kwa chama hicho tu. Bei ilipoanguka, manung'uniko yakazidi, na mwaka 1937 zikatokea ghasia. Sisi twaona kwamba watu hawakuchukia kuuza pamoja. Walichukia kuamriwa pasipo kuulizwa. Baada ya vita ya pili bei ilipanda, chama kikasitawi, na fedha za kahawa zikajenga nyumba na kusomesha watoto wengi.

Mambo hayakudumu vivyo hivyo. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika; vikarudishwa mwaka 1984. Tena mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka sana, na wakulima wengine wakang'oa mibuni yao. Na kihamba chenyewe, kikigawanywa kwa wana na wajukuu, kimekuwa kidogo mno.

Je, ni nini kilichowaokoa watu miaka ya bei mbaya? Ni mgomba. Bei ya kahawa hukatwa mbali, na mwenye kupanda hana amri juu yake. Ndizi hukatwa nyumbani, na watoto hula. Wazee waliochanganya mimea hiyo miwili katika shamba moja walikuwa na akili nyingi.

Kwa hiyo, wasomaji wetu wenye vihamba, msing'oe mgomba kwa tamaa ya fedha. Na chama chenu kikiitisha mkutano, nendeni, mkaulize hesabu. Chama kisichoulizwa hesabu na wenyewe huacha kuwa chao.