Nipe Mji

Anayeshindwa kutegua kitendawili hutoa mji. Ndivyo nilivyolelewa Pangani, na sehemu hiyo ya mchezo naipenda kuliko jibu lenyewe.

Bibi yangu alitega usiku tu, huku akisuka ukili. Mchana hakukubali, maana kazi zingelala.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia miibani."

Tulitaja nungunungu, tukataja mchongoma na mkonge. Alikataa yote bila kuinua macho. "Haya, nipeni mji." Tukampa Lushoto, akaukataa kwa baridi yake. Tukampa Korogwe, akauliza jahazi lake atalitia nanga wapi. Tulipompa Mombasa akauweka ukili chini. "Nilikwenda Mombasa, nikateremka bandarini, wenyeji wakanilisha mahamri kwa mbaazi. Wakaniuliza hali za nyumbani, nikawaambia hawajambo, ila nina wajukuu wanakula nanasi kila msimu na hawalijui!"

Mji huo wa kutoa naamini ni mabaki ya pwani ya zamani, wakati Pate, Lamu, Mombasa na Kilwa kila mmoja ulikuwa na mtawala wake, na sifa za kila mji zikisafiri na mabaharia. Aliyeshindwa alikabidhi kitu chenye thamani. Na mtegaji alichagua: mji usiomfaa aliukataa, nasi tukalazimika kufikiria miji mingine na sababu za mtu kuitamani. Sisi ambao hatukuwahi kuvuka mto wetu tulijua Lamu kuna nini na Unguja kuna nini.

Wala mafumbo hayakuwa ya watoto peke yao. Katika kisa cha shujaa Fumo Liongo, ambacho Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizozikusanya Unguja, maisha ya mtu yanategemea fumbo. Liongo amefungwa minyororo. Mama yake humpelekea chakula kizuri kwa mkono wa mjakazi, Saada, na walinzi hukila wao, wakimwachia makombo. Basi anamwimbia Saada, kwa mafumbo, maneno ya kumfikishia mama: aoke mkate wa wishwa, atie tupa ndani. Walinzi wanauona mkate mbaya, wanaupitisha. Usiku wa ngoma, kelele zikiwa zimetanda, Liongo anaikata minyororo. Walinzi walikuwa na masikio kama ya Saada. Kilichowapita ni kutegua.

Mombasa nako, mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji alijibizana na washairi wa Lamu kwa mafumbo, miji hiyo miwili ikiwa na uhasama. Hapo aliyeshindwa kufumbua aliaibika mbele ya mji mzima.

Vitabu vya shule vimetuhifadhia vitendawili vingi, na nashukuru. Lakini vimevipanga safu mbili, swali huku na jibu kule, na mtoto anavikariri kwa ajili ya mtihani. Mji umeachwa nje, na pamoja nao imeachwa safari, ubishi, na ile subira ya kungoja jibu lifike.

Mwalimu unayesoma haya, na wewe mzazi: leo usiku tega kimoja. Watoto wakishindwa, usiwape jibu upesi. Waombe mji, ukatae wa kwanza na wa pili, halafu ukiridhika usafiri nao.