Shokamzoba

Kwenye gereji za Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, fundi husema "shokamzoba imekufa" au, akiwa na haraka, "shoksi". Neno limetoka kwenye Kiingereza, likaingia ngeli ya I-ZI bila taabu. Kasoro yake iko kwenye maana: linamfanya mnunuzi aamini kwamba kifaa hicho ndicho kinachobeba mshtuko.

Kinachoupokea mshtuko ni springi. Shokamzoba huizuia springi isiendelee kurukaruka: pistoni yake husukuma mafuta kupitia vali ndogo, nguvu ya mtikisiko ikageuka joto. Ndiyo maana springi ngumu iliyofungwa pamoja na shokamzoba laini huliacha gari likidunda.

Subaru Impreza, gari linalopendwa sana na vijana wa mashindano nchini Kenya, hutumia mbele mfumo wa mhandisi Earle MacPherson, ulioonekana kwenye Ford Consul ya Uingereza mwaka 1950. Hapo shokamzoba na springi huwa nguzo moja, nayo ndiyo hulishika gurudumu wima. Gari likishushwa mno, mkono wa chini huinuka upande wa gurudumu, na gari huweza kulala zaidi kwenye kona. Dawa yake ni boljointi ndefu, inayoushusha tena mkono huo. Springi ngumu zaidi huuficha ugonjwa tu.

Kwa anayeiacha lami na kuingia barabara ya vumbi kila jioni, gari la chini ni hasara tupu. Heri shokamzoba za urefu wa kiwandani na bushi za mpira, zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia.