Amri Isiyofuatwa: Mkasa wa Mann Gulch

Watu wengi hudhani ya kuwa sifa kubwa ya kiongozi wakati wa hatari ni wepesi wa akili: aone upesi, akate shauri upesi, aamuru upesi. Sifa hiyo ina thamani kubwa, walakini historia yaonyesha kuwa haitoshi. Ushahidi mmoja twaupata katika mkasa wa tarehe 5 Agosti, 1949, katika korongo liitwalo Mann Gulch, kando ya mto Missouri, jimbo la Montana, Marekani.

Alasiri ya siku hiyo wazimamoto 15 wa Idara ya Misitu walishuka kwa miavuli kutoka katika ndege, waje kuuzima moto wa msitu uliowashwa na radi. Simu yao ya upepo ilivunjika, kwani mwavuli wake haukufunguka. Chini walikutana na mlinzi mmoja wa moto, wakawa 16. Kiongozi wao alikuwa Wagner Dodge, mtu wa miaka 33, hodari wa kazi na mchache wa maneno. Wengi wa vijana wale hawakupata kufanya kazi naye kabla ya siku ile.

Dodge aliwateremsha kuelekea mtoni, penye salama. Mara akaona moto umekwisha vuka korongo na kuwazibia njia. Akageuka, akawapandisha mlimani, akawaamuru watupe zana nzito. Mlima ulikuwa mkali, nyasi kavu, na moto ulikuwa na mbio kuliko wao. Ndipo alipotenda jambo la ajabu: aliwasha kiberiti akazitia moto nyasi zilizokuwa mbele yake. Zilipoteketea aliingia katika majivu yake, akawaita wenzake waingie. Hoja yake ilikuwa wazi, kwa kuwa mahali palipokwisha ungua hapana cha kuungua tena. Hapana aliyemfuata. Yeye alilala kifudifudi, moto mkubwa ukampita, akainuka mzima. Vijana wawili walipenya katika mwanya wa mwamba wakaokoka. Watu 13 walikufa.

Je, walikuwa waasi? Hasha. Mtu anayekimbia moto, akimwona kiongozi wake anawasha moto mwingine, ataamini nini? Mbinu ile haikuwamo katika mafunzo yao, na Dodge mwenyewe alikuwa hakufundishwa. Nafasi ya kueleza haikuwapo. Ilibaki nafasi ya kuamini tu, na imani ya mtu kwa mtu haizaliwi katika nusu dakika. Shauri lilikuwa sahihi, lakini daraja la kulivusha kutoka kwa kiongozi hadi kwa wafuasi lilikuwa halijajengwa.

Mwaka 1957, baada ya kuchunguza misiba kadha wa kadha ya namna hii, Idara ya Misitu ilitunga kanuni 10 za wazimamoto. Moja yao yataka maagizo yawe wazi na yafahamike. Kanuni hiyo ni njema, ila kufahamika huanza kabla ya moto: katika kufanya kazi pamoja, kula pamoja, na kuelezana sababu za mambo wakati ambapo hakuna anayekimbia.

Wahenga walisema akiba haiozi. Utii wa saa ya dhiki ni akiba iwekwayo siku za raha; Dodge aliitafuta siku ile mlimani, akakuta haikuwekwa.