Kasongo na Kabambare: namna ya kulinda mzee anayetunzwa, ndani ya nyumba ya wazee ao nyumbani kwake

Kusini mwa Maniema, mutu akizeeka anabaki mikononi mwa jamaa. Binti anapika, mjukuu anamushika mkono kwenda chooni, jirani anapita asubuhi kuuliza hali. Nyumba za wazee, zile zinazopokea watu wasio na jamaa, ni jambo la miji mikubwa: Kinshasa kuna Hospice Saint-Pierre, Unguja kuna Sebleni na Welezo, Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya masista huko Kasarani.

Lakini mikono ya jamaa inapunguka. Vijana wengi wameenda kutafuta dhahabu upande wa Namoya na Salamabila. Wengine wamekimbia mapigano, wengine wako Kindu, Bukavu ao Lubumbashi. Mara mingi anayebaki na mzee ni mtoto wa miaka kumi, ao mzee mwenzake. Kwa hiyo yule anayetaka kufungua nyumba ya wazee na yule anayetunza mama yake nyumbani wana ulizo moja: mutu asiye na nguvu ya kujitetea, analindwa namna gani?

Sheria inasema nini

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kufuatana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya utu. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka deni juu ya watoto: mzazi akikosa namna ya kuishi, watoto wanapaswa kumusaidia. Hiyo si huruma tu, ni sheria.

Sheria hiyohiyo inamulinda mjane. Bwana akifariki, mama anabaki na haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vyake. Ndugu wa marehemu wanaokuja kufunga mlango na kubeba vitanda kesho ya maziko wanavunja sheria, hata kama wanasema ni desturi.

Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkataba juu ya haki za wazee tarehe 31 Januari 2016, mjini Addis Ababa. Ulianza kufanya kazi mwaka 2024. Juu ya nyumba za wazee, mkataba unataka mambo mawili ya msingi: mzee asipelekwe kule kwa nguvu, na nyumba yenyewe ifuate kipimo cha chini kilichowekwa na serikali.

Kuanguka

Kwa kijana, kuanguka ni kuamka na kupangusa vumbi. Kwa mzee, ni mfupa wa nyonga kuvunjika, na baada ya hapo kitanda. Fasi hatari zaidi ni njia ya choo wakati wa usiku, zaidi sana mvua ikinyesha na udongo ukiteleza.

Kinga yake haiombi pesa nyingi. Watu wanaweza kufunga kamba ao mianzi kutoka mlango mpaka choo, ili mzee apite akiishika. Ndani ya choo, miti miwili iliyosimikwa vizuri inamusaidia kuchutama na kuinuka. Chombo cha kukojolea karibu na kitanda kinamwepusha na safari ya saa nane za usiku. Tochi ikae fasi moja kila siku, na vitu vya watoto visilale njiani.

Wasioona wanahitaji uangalifu zaidi. Upofu wa mto, ule unaoletwa na inzi mweusi wa kandokando ya maji, umegusa wazee wengi wa Maniema. Dawa ya Mectizan inayogawiwa na wahamasishaji wa afya inakinga, lakini hairudishi macho yaliyokwisha kufa. Kwa mzee asiyeona, kuhamisha kiti ao mtungi bila kumwambia ni sawa na kumutegea mtego.

Moto

Tarehe 23 Januari 2014, nyumba ya wazee iliungua usiku katika kijiji cha L'Isle-Verte, Kanada. Watu 32 walikufa. Hiyo ilikuwa inchi tajiri, yenye wazima-moto na magari. Somo lake ni kwamba mtu asiyeweza kutembea hatoki ndani ya moto mwenyewe. Lazima mtu wa kumutoa awe karibu, na awe macho.

Kasongo na Kabambare, moto unatoka kwa koroboi, mshumaa ao mbabula wa makala uliowekwa ndani juu ya baridi. Mbabula una hatari mbili: cheche, na moshi usioonekana unaoua watu wakiwa wamelala ndani ya chumba kilichofungwa. Utoke nje kabla ya kulala. Mlango wa mzee usifungwe kwa kufuli kutoka nje, hata kama ni yule anayetembea ovyo usiku. Jamaa fulani wanafanya hivyo kwa upendo, lakini moto ukiwaka, kufuli ile inakuwa hukumu.

Kitanda, chakula na maji

Mzee aliyelala siku nzima kwa ubavu mmoja anatoka vidonda: ku matako, ku nyonga, ku visigino. Alama ya kwanza ni fasi iliyobadilika rangi, yenye joto ao ngumu kuliko ngozi ya kando. Ageuzwe kila masaa mawili, nguo zilizolowa zibadilishwe mara moja, na fasi ile isisuguliwe. Kidonda kikifunguka, ni kazi ya infirmiye, si ya majivu wala majani.

Wazee wengi hawasikii kiu vizuri, na wengine wanakataa kunywa juu ya kuogopa kusumbua watu kwa choo. Maji yatolewe kidogokidogo mchana kutwa. Chakula kiwe laini: uji, wali uliopikwa sana, sombe iliyosagwa vizuri, samaki bila mifupa. Mzee alishwe akiwa ameketi. Anayelishwa amelala anaweza kupaliwa.

Jambo lingine la kukumbuka: malaria ao ambukizo lingine linaweza kumushika mzee bila homa kali. Alama inaweza kuwa akili tu. Jana alizungumza vizuri, leo anachanganya majina na kuona watu wasiokuwapo. Hiyo si «uzee» wala pepo. Apelekwe kituo cha afya siku ileile.

Magonjwa ya kuambukiza nayo yanapenda fasi wazee wanapokaa wengi. Wakati wa Covid-19, mwezi wa nne 2020, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilieleza kwamba katika inchi za Ulaya mpaka nusu ya waliokufa walikuwa wakaaji wa nyumba za kutunzia watu. Ndoo ya maji na sabuni kwenye mlango, na mgeni mwenye kikohozi kubaki nje, ni mambo madogo yanayookoa.

Mkono unaotunza unaweza kuumiza

OMS inahesabu kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi alitendewa vibaya katika mwaka mmoja: kupigwa, kutukanwa, kunyimwa chakula, kuibiwa. Ndani ya nyumba za wazee hali ni mbaya zaidi: wafanyakazi wawili kati ya watatu waliungama kwamba walitenda mabaya.

Si wote wana roho mbaya. Mtu mmoja anayetunza wazee kumi, usiku na mchana, bila mshahara wala mapumziko, anachoka, na uchovu unageuka hasira. Nyumbani ni vile vile kwa binti aliyeachiwa mama peke yake wakati kaka zake wanatuma salamu tu. Kugawana zamu ni kumulinda mzee.

Pesa zinahitaji mashahidi. Mtoto aliye mbali akituma kwa simu, mara mingi mjukuu ndiye anayejua namba ya siri. Ni vizuri watu wawili wajue kilichoingia, na mzee mwenyewe aambiwe.

Kusingiziwa uchawi

Hii ndiyo hatari inayoua haraka. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake waliosingiziwa uchawi waliuawa Kalehe, Kabare na Walungu, wengine kwa moto. Upande wa Shinyanga na Mwanza, Tanzania, mamama wazee waliuawa miaka mingi juu ya macho mekundu. Wekundu ule ulitoka kwa moshi wa jikoni.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anatoka usiku, anasimama mbele ya nyumba ya watu, anajisemea. Mtoto wa jirani akifa wiki ile, maneno yanaanza: amekula mtoto. Ndiyo sababu jamaa inapaswa kueleza majirani mapema kwamba mzee ana ugonjwa, na ugonjwa ule una jina. Sheria ya adhabu ya Kongo inakataza kumunywesha mtu dawa ao kumupitisha katika majaribio ya kutafuta uchawi, na inaadhibu anayemusingizia mwenzake jambo la kuharibu jina lake. Huko Ganze, pwani ya Kenya, watu walifungua Kaya Godoma, fasi ya kupokea wazee waliofukuzwa kwa sababu hiyo.

Wakati wa kukimbia

Risasi zikilia, mwenye miguu anatoka, mzee anabaki. Salamabila na vijiji vya kando wanajua hilo. Jamaa wapange mbele: nani atamubeba, kwa kipoyi, kinga ao pikipiki, na kupitia njia gani. Kifuko kiwe tayari chenye kadi ya mchaguzi, dawa, blanketi na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Bila kadi ile, kuandikwa kwenye liste ya msaada ni shida.

Nyumba nzuri inajulikana kwa nini

Anayetaka kumupeleka mzee wake fasi, ao kufungua fasi kama hiyo, aangalie haya:

– Mzee mwenyewe amekubali kuingia, na anaweza kutoka.
– Jamaa, padri, imamu ao jirani wanaweza kufika bila kutoa habari mbele.
– Usiku kuna mtu aliye macho.
– Kuna kaye inayoandika dawa, kuanguka, vidonda na pesa za kila mzee.
– Wanawake na wanaume wana vyumba na vyoo mbalimbali, na mama anaogeshwa na mama.
– Kuna mtu wa nje ambaye mzee anaweza kumwambia neno bila kuogopa aliyemulisha asubuhi.

Fasi inayokataza wageni isiaminiwe, hata kama imepakwa rangi nzuri.

Fasi ya kupeleka shida

Mzee akiumizwa, wa kwanza ni shefu wa lokalite ao wa avenyi. Ikiwa shefu mwenyewe yuko upande wa wanaosingizia, watu waende polisi ao parke. Ofisi ya mambo ya kijamii ya teritware inahusika na mzee aliyeachwa. Majeraha yaonwe kwanza na kituo cha afya, na karatasi ya daktari ichungwe vizuri, maana mbele ya mwamuzi karatasi ile inasema hata mzee akiwa amenyamaza.

Anayeona na kunyamaza naye anahusika. Mara mingi jirani ndiye aliyesikia kilio wa kwanza, kupitia ukuta wa udongo.